Nyayo za Ukoo: Safari Ndefu ya Kuutambua Ugonjwa wa Neva wa Kurithi, Mbeya na Iringa

1886: mwaka wa mipaka

Mwaka 1886 Ujerumani na Uingereza ziligawana Afrika Mashariki kwa mkataba. Wahehe, Wabena, Wasangu na Wanyakyusa wakajikuta upande wa Wajerumani bila kuulizwa. Mkwawa alikuwa bado anatawala Uhehe, na vita vyake na Wajerumani huko Lugalo vilikuwa miaka mitano mbele. Mwaka huohuo, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Jean-Martin Charcot na mwanafunzi wake Pierre Marie walichapisha makala kuhusu wagonjwa watano ambao misuli yao ilinyauka kuanzia nyayo na miguu, kisha, baada ya miaka, mikono. Katika kichwa chenyewe cha makala walisema kwamba hali hiyo mara nyingi huandama familia. Huko Cambridge, Mwingereza Howard Henry Tooth akawasilisha tasnifu kuhusu ugonjwa uleule. Wafaransa walielekea kuutafuta uharibifu ndani ya uti wa mgongo. Tooth alisema uko katika neva zenyewe, zile nyuzi zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye misuli na ngozi, na Tooth ndiye aliyekuwa sahihi. Hadi leo ugonjwa huu unaitwa kwa majina yao wote watatu: Charcot-Marie-Tooth.

Hawa hawakuwa na mashine ya kupima neva, wala hakuna aliyekuwa amelisikia neno jeni. Walitazama miguu na wakauliza habari za ndugu. Mtoto aliyekimbia vizuri anaanza kujikwaa. Kifundo cha mguu kinateguka mara kwa mara. Unyayo unapinda juu kupita kawaida na vidole vinajikunja. Nyama ya muundi inakwisha, mguu unaning'inia, na mtu analazimika kuinua goti juu ili vidole visiburuze chini. Kandambili inamtoka njiani asijue, kwa kuwa unyayo umekufa ganzi. Akifika utu uzima, kufunga kifungo cha shati au kuchomeka uzi kwenye sindano kunamshinda. Akili haiguswi, na kwa kawaida umri haupungui. Na ukimtazama mama yake, au baba, au shangazi, unakuta miguu ileile.

Mzee yeyote wa Kalenga au Rungwe mwenye macho mazuri na kumbukumbu ya ukoo wake angeweza kuona alichokiona Charcot. Hata hivyo, ugonjwa huu ulipita miaka zaidi ya mia moja katika Nyanda za Juu Kusini bila kupewa jina. Ukiifuata historia hospitali kwa hospitali unaona sababu yake: kila zama zilikuwa na ugonjwa wake mkubwa, na ugonjwa wa kurithi ulijificha katika kivuli cha ule mkubwa.

Kivuli cha ukoma, 1847 hadi miaka ya 1970

Ukoma nao ni ugonjwa wa neva. Huua hisia za mikono na miguu, hukunja vidole, huacha vidonda visivyouma. Lakini historia yake ilikwenda njia iliyo kinyume. Mwaka 1847, kutokana na wagonjwa wa mji wa Bergen, Norway, Daniel Danielssen na Carl Wilhelm Boeck walitoa kitabu kilichoueleza ukoma kwa undani ambao haukuwahi kufikiwa, na wakahitimisha kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Walikuwa na ushahidi wa macho: uliwarudia watu wa familia zilezile, kizazi kwa kizazi. Mwaka 1873, katika mji huohuo, Gerhard Armauer Hansen, aliyekuwa mkwe wa Danielssen, alitambua vijidudu ndani ya tishu za wagonjwa. Ukoma ulikuwa maambukizi. Familia zilikuwa zikigawana nyumba na matandiko, na wakuu wa tiba wa siku zile walidhani zinagawana damu.

Kosa hilo la Bergen ndilo kosa la pande zote mbili katika historia hii. Kuna magonjwa yanayokaa ndani ya nyumba yakaonekana ya kurithi, na kuna ya kurithi yanayodhaniwa ya nyumba.

Mwaka 1891 Wamoravia na wamisionari wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka mwaka 1894, Mkwawa akafa mwaka 1898, na mwaka 1900 Wajerumani wakajenga hospitali ya kijeshi Iringa mjini, jengo lilelile ambalo leo ni makumbusho ya Boma. Wamisionari wa Consolata walifika Tosamaganga mwaka 1919, baada ya Wajerumani kushindwa vita. Tiba ya miaka hiyo ilishughulika na vidonda, homa na uzazi. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa na mtu anayetembea vibaya taratibu kwa miaka ishirini.

Ukoma ulikuwa na nafasi yake, tena kubwa. Katika Tanganyika nzima misheni na serikali zilitenga makazi ya wakoma, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaja dawa ya dapsone. Wahudumu walifundishwa kupapasa neva iliyo nyuma ya kiwiko na ile inayozunguka nje ya goti, kuona kama zimenenepa. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa katika aina ya kawaida kabisa ya Charcot-Marie-Tooth neva nazo hunenepa. Mtu wa Makete au Mufindi aliyefika kituoni mwaka 1950 akiwa na vidole vilivyojikunja, nyayo zenye ganzi na neva nene, angeitwa nani kama si mkoma? Naamini wapo walioishi miaka mingi na jina hilo bila kuwa na kijidudu hata kimoja mwilini. Jina la ukoma lilikuwa adhabu: lilivunja ndoa na kumhamisha mtu mwisho wa kijiji.

Tofauti zipo, na ni za kuonekana. Ukoma huacha mabaka yasiyo na hisia juu ya ngozi, hushambulia neva hii na kuiacha ile, mkono mmoja zaidi ya mwingine. Ugonjwa wa kurithi huenda sawa kulia na kushoto, hauna mabaka, na huanza chini kabla ya kupanda. Lakini mhudumu aliyefundishwa ugonjwa mmoja huuona huohuo. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, tiba ya dawa mseto ikafuata katika muongo wa 1980, na mwaka 2006 Tanzania ikashuka chini ya mgonjwa mmoja wa ukoma kwa kila watu 10,000.

Rika na ukoo, miaka ya 1930

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu katika muongo wa 1930 watu wanne waliandika Nyanda za Juu Kusini mambo ambayo daktari wa neva angeyatamani, ingawa hawakuwa wakitafuta ugonjwa.

Iringa, mwanaanthropolojia Gordon Brown alifanya kazi pamoja na ofisa wa wilaya, Bruce Hutt, na kitabu chao kikatoka mwaka 1935. Brown aliandika pia, mwaka 1934, kuhusu ndoa za mabinamu kwa Wahehe: kijana kumwoa binti wa mjomba au wa shangazi lilikuwa jambo lililokubalika, tena lililopendwa, kwa kuwa mali na upatanisho vilibaki karibu. Rungwe, Godfrey na Monica Wilson walikaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938 na wakakuta desturi tofauti: watu wa babu mmoja hawakuoana.

Kwa sayansi ya urithi tofauti hiyo ni kubwa. Aina nyingi za Charcot-Marie-Tooth hupita kwa mzazi mmoja tu mgonjwa, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Hizo hazijali nani kaoa nani. Lakini zipo aina zinazohitaji jeni mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, wazazi wote wawili wakiwa wazima kabisa. Mabinamu wanapooana, nafasi ya jeni mbili za namna moja kukutana huongezeka. Kwa hiyo swali "wazazi wako ni ndugu?" lina uzito wake Iringa, na daktari analiuliza bila kumlaumu mtu.

La Wanyakyusa lilinishangaza zaidi. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alieleza vijiji vya rika: vijana waliondoka kwa wazazi wao wakajenga pamoja na wenzao wa umri mmoja, na wakazeeka pamoja. Majirani walikuwa marika, ukoo ulikuwa umetawanyika. Fikiria maana yake kwa ugonjwa unaoanza utotoni na kukomaa miaka ishirini baadaye. Baba mwenye miguu inayoning'inia yuko kijiji kimoja, mwanawe anayeanza kujikwaa yuko kingine, shangazi kaolewa bonde la tatu. Majirani wa kila mmoja wanaona mgonjwa mmoja tu. Tena maelezo ya ugonjwa yalikuwa tayari: mtu aliyewakosea majirani angeweza kupatwa na pumzi ya watu, hasira ya kijiji iliyogeuka baridi mwilini. Maelezo hayo yalimtazama mgonjwa na jirani zake. Hayakuwa na haja ya kumtazama babu.

Na kuna jambo lililobaki hadi sasa, Uhehe, Ubena na Unyakyusa. Ukoo hufuatwa kwa baba. Ukimwuliza mtu "katika ukoo wenu kuna mwenye shida hii?" atakuhesabia upande wa baba na kujibu hapana, kwa moyo mweupe. Wajomba na bibi mzaa mama hawamo katika swali lako. Ugonjwa uliokuja kwa mama unapita mbele ya macho ya daktari. Swali linalofaa ni refu zaidi: kwa baba, kwa mama, ujombani, na hata kwa wale waliokwenda migodi ya shaba ya Copperbelt, machimbo ya dhahabu ya Lupa au mashamba ya mkonge na hawakurudi.

Polio, mhogo na kifafa, 1960 hadi 1996

Uhuru ulileta zahanati. Chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam mwaka 1963, hospitali ya KCMC ikafunguliwa Moshi mwaka 1971, na vijiji vya ujamaa vikakusanya watu waliokuwa wametawanyika. Kwa mara ya kwanza ndugu wengi wa ukoo mmoja walitibiwa na mganga mmoja wa kijiji. Lakini kivuli kipya kilikuwepo. Mtoto aliyechechemea aliitwa mtoto wa polio, na mara nyingi ilikuwa kweli. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ikathibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo. Polio huja ghafla na homa, hupooza mguu mmoja zaidi ya mwingine, haiondoi hisia, na baada ya hapo husimama. Aliyedhoofika miguu yote miwili sawasawa, na mwaka hadi mwaka akizidi, huyo hakuwa na polio. Ila nani alirudi kumtazama mwaka hadi mwaka?

Miaka hiyohiyo Tanzania ilitoa mafunzo mawili makubwa kuhusu magonjwa yanayoonekana ya kurithi. La kwanza lilikuwa jirani kabisa na Iringa, ng'ambo ya bonde la Kilombero. Mahenge, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alihudumia watu wenye kifafa, ambao wengine walikuwa wamefukuzwa majumbani, na akaeleza watoto wanaosinzia kwa kichwa, kichwa kikianguka mbele tena na tena. Baadhi ya familia zilikuwa na wagonjwa wengi. Ilikuwa rahisi kusema ni damu mbaya ya ukoo. Utafiti wa baadaye umeunganisha kwa nguvu hali hiyo na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo wa mito yenye kasi. Ndugu walikuwa wakiishi kando ya mto mmoja.

La pili lilitoka Tarime mwaka 1985. Katika ukame, watu 39 walikakamaa miguu kwa ghafla, wengine wakiwa wa nyumba moja. William Howlett na wenzake waliufuatilia mlipuko huo wakaonyesha kuwa ni konzo, ugonjwa unaoletwa na kula mhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, na makala yao ikatoka mwaka 1990. Konzo hufanana mno na ulemavu wa kukakamaa wa kurithi. Kinachotenganisha ni kalenda: konzo hupiga kwa siku moja au chache, kisha haiongezeki, nao ugonjwa wa kurithi hauna tarehe. Mgonjwa hawezi kukuambia ulianza lini. Ukimsikia mtu anasema "sijui, nilikuwa hivi tangu zamani, ila sasa umezidi", umesikia jambo la maana kuliko vipimo vingi.

Howlett baadaye aliandika kitabu cha neva kwa ajili ya Afrika, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Bergen mwaka 2012. Mji uliokosea kuhusu ukoma mwaka 1847 ndio uliochapisha kitabu ambacho kimewafundisha maofisa tabibu wengi wa kwetu kupima uwezo wa neva kwa nyundo na kipande cha pamba.

UKIMWI, 1983 hadi 2010

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Muda si mrefu uzito ulihamia kusini. Utafiti wa kitaifa wa 2003–04 ulikuta asilimia 13.5 ya watu wazima wa Mbeya na asilimia 13.4 ya wa Iringa wana virusi, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Mwaka 2007–08 Iringa ilifika karibu asilimia 16. Njombe ilipokuwa mkoa unaojitegemea ilikutwa na asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011–12, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Barabara kuu ya Zambia, mashamba ya chai, mbao na miji ya kusimama malori vilichangia, lakini si hapa pa kuyaeleza hayo.

Virusi vyenyewe huharibu neva za miguu. Dawa nazo zilifanya hivyo. Mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi ulianza mwaka 2004, na miongoni mwa dawa za kwanza ilikuwa stavudine, iliyookoa maisha ya maelfu na kuwaachia wengi nyayo zinazowaka moto. Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe mwaka 2009. Isoniazid ya kifua kikuu nayo huumiza neva mgonjwa asipopewa vitamini B6. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu yeyote wa Mbeya aliyesema "miguu inakufa ganzi" alikuwa na maelezo matatu yakimsubiri kabla hajavua viatu. Nani angeuliza habari za bibi yake? Na mgonjwa mwenyewe, akipimwa akakutwa hana virusi, alishukuru Mungu akaenda nyumbani na miguu yake.

Madhara hayakuishia kwenye kutotambuliwa. UKIMWI uliwaletea watu saratani ya Kaposi, na moja ya dawa zake ni vincristine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilijulikana katika maandiko ya tiba kwamba mtu mwenye Charcot-Marie-Tooth akipewa vincristine, hata kipimo kidogo, anaweza kupooza mikono na miguu ndani ya wiki chache. Dawa hiyohiyo hutumika kwa watoto wenye saratani ya damu na uvimbe wa tezi. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika historia yote hii, kwa sababu kinga yake ni swali la nusu dakika kuhusu miguu ya wazazi.

Lakini janga lile pia lilijenga. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda vilikua kwa fedha na mahitaji ya UKIMWI. Ili kumpima mtoto mchanga wa mama mwenye virusi, Mbeya ilijifunza kusoma vinasaba vya virusi kutoka tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Ufundi wa kusoma vinasaba uliingia Nyanda za Juu Kusini kwa mlango huo.

Kasi ya neva na kromosomu ya 17

Huko nje, wakati haya yakiendelea, ugonjwa ulikuwa ukifunguliwa tabaka baada ya tabaka. Mwaka 1968, Marekani, Peter Dyck na Edward Lambert waligawa wagonjwa kwa kupima kasi ya neva kwa umeme. Uzi wa neva una ala ya mafuta inayoufunika, kama waya ulivyo na mpira wake. Ala ikiharibika, ujumbe unakwenda polepole: hiyo ni aina ya kwanza. Ukifa uzi wenyewe, kasi inabaki karibu na kawaida lakini nguvu ya ujumbe inafifia: hiyo ni ya pili. Mwaka 1980 Anita Harding na P. K. Thomas wa London waliweka mpaka: chini ya mita 38 kwa sekunde kwenye mkono, aina ya kwanza. Neva nzima ya mkono hupita mita 50.

Nchini Norway, H. Skre alikuwa ameshahesabu wagonjwa wa magharibi mwa nchi hiyo, na mwaka 1974 akapata karibu mtu mmoja kwa kila 2,500. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 3.5 Mbeya na Iringa kwa pamoja. Kama kiwango kingekuwa hichohicho, mikoa hii miwili ingekuwa na wagonjwa zaidi ya 1,400. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuwahesabu, na jeni za mahali pamoja si lazima zilingane na za pengine. Hata wakiwa nusu yake, ni wengi.

Mwaka 1991 makundi mawili, la James Lupski Marekani na la Antwerp, Ubelgiji, yalipata chanzo cha aina iliyo ya kawaida zaidi: kipande cha kromosomu ya 17 kimejirudia, hivyo mgonjwa ana nakala tatu za jeni ya PMP22 mahali pa mbili. Jeni ni nzima, ila imezidi. Tangu hapo zimepatikana jeni zaidi ya mia moja, na mwaka 2010 Guida Landouré, daktari wa Mali, aliongoza utafiti uliotambua mojawapo. Kazi yake ya kurudi Bamako na kuzichunguza familia za Mali imeonyesha kwamba familia kubwa za Kiafrika, zenye watoto wengi na kumbukumbu ndefu, zinaifundisha dunia mambo ambayo familia ndogo za Ulaya haziwezi kuyafundisha.

Kwetu kipimo hicho kilikutana na hofu ya aina nyingine. Watanzania wengi waliisikia DNA kwa mara ya kwanza kwa habari za mtoto wa nani. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 iliweka usimamizi mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na magazeti yakaandika zaidi kuhusu kesi za uzazi. Kwa hiyo daktari anayemwambia baba wa Kilolo kwamba anataka kupima vinasaba vya mtoto na vya wazazi anaweza kuivunja nyumba kabla hajaeleza lolote. Tena hofu hiyo si ya kijinga. Kipimo cha kurithi kweli kinaweza kuonyesha baba asiye baba, na anayekifanya lazima awe ameshaamua atasema nini na hatasema nini.

Nyanda za Juu Kusini sasa

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea wagonjwa kutoka mikoa ya kusini-magharibi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina chuo chake cha afya mjini humo. Madaktari bingwa wa neva nchini bado wanahesabika, na wengi wako Dar es Salaam na Moshi, ambako KCMC imekuwa ikitoa maandiko ya neva kwa bidii. Kusini, ng'ambo ya Tunduma, Hospitali ya Chuo Kikuu ya Lusaka imeanza kufundisha mabingwa wake na kushiriki katika utafiti wa kimataifa wa jeni za neva na misuli. Kwa mtu wa Songwe au Mbozi, Lusaka imekuwa jina la kufikiriwa pamoja na hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Katika zahanati, hata hivyo, kazi bado inaanzia alipoanzia Charcot. Mgonjwa anavua viatu na soksi. Anaambiwa atembee kwa visigino: asiyeweza kuinua vidole ameshasema nusu ya habari. Nyundo inapigwa chini ya shavu la mguu, na mguu haurukiruki. Uma wa sauti unawekwa juu ya kifundo naye hausikii mtetemo. Anapimwa virusi, sukari, kaswende, anaulizwa pombe na dawa alizotumia, ngozi inatafutwa mabaka ya ukoma. Kisha linakuja lile ambalo kitabu cha MTUHA, cha kumbukumbu za zahanati, hakina safu yake: ndugu wanaitwa. Mama aliyemsindikiza, ambaye hajawahi kulalamika, anavua kandambili zake. Mara nyingi unyayo wa mama ndio unaomaliza kazi, kwa sababu ugonjwa huu humgusa mmoja kidogo na mwingine sana katika nyumba moja.

Dawa ya kuponya haijapatikana. Lakini kuutambua kunabadili maisha. Chuo cha mafundi wa viungo bandia cha TATCOT, kilichoanzishwa KCMC mwaka 1981, kimetoa watu wanaoweza kutengeneza kishikizo cha plastiki kinachozuia mguu kuning'inia. Mazoezi huchelewesha kukakamaa kwa vifundo, na upasuaji humsaidia mwenye unyayo uliopinda mno. Wahudumu wa ukoma wana ujuzi wa miaka mingi ambao nadhani haujatumiwa ipasavyo: namna ya kumfundisha mtu asiye na hisia kukagua nyayo zake kila jioni, kuzilowesha na kuzipaka mafuta, kuchagua kiatu kipana chenye soli laini, asikae karibu na moto wa kuni msimu wa baridi ya Makete.

Na kwenye kadi ya kliniki, juu kabisa, kwa wino unaosomeka, panapaswa kuandikwa kwamba mgonjwa huyu asipewe vincristine. Ndugu zake wanaoonyesha dalili wapewe kadi kama hiyo. Watoto wasio na dalili hawana haraka ya kupimwa vinasaba. Wengi wa wanaofanya kazi hii duniani huwaachia waamue wakishakuwa watu wazima. Lakini jina la ugonjwa waambiwe, wao na shangazi aliye Tunduma na mjomba aliye Mafinga, pamoja na maelezo kwamba hakuna aliyewaroga na kwamba hauambukizi.